Alovera zifanane: maabara au machipukizi?

Ndugu yangu wa Kigamboni, unauliza kama ukope hela ufungue maabara ya tishu, yaani ya kukuza miche chupani kutoka vipande vidogo vya mmea, ili alovera zako zifanane, maana mnunuzi anakataa mchanganyiko. Taratibu kwanza. Alovera imekurahisishia: machipukizi yanayotoka pembeni ya shina tayari ni nakala ya mama yao. Chagua mama mmoja mnene, asiye na madoa, ng'oa machipukizi yenye mizizi, yaache kivulini siku chache jeraha likauke, ndipo upande. Mchanga wa huko unaifaa, mradi maji yasituame.

Maabara ya tishu inafaa ukitaka maelfu ya miche kwa mkupuo. Kinachokula hela hapo ni usafi: chakula cha miche kina sukari, huchemshwa kwa mvuke wa nyuzi 121, na ukungu ukipenya tu, chupa nzima inageuka pamba. Bado bili ya kiyoyozi! Kabla ya mkopo, pita TARI Mikocheni, taasisi ya utafiti wa kilimo. Kazi ya tishu wanaijua. Na miche ya chupa usiitoe juani ghafla. Izoeze kivulini chini ya nailoni, ukiifunua kidogo kidogo.

Mnunuzi naye ajue: hata nakala hutofautiana ukimwagilia tuta hili ukasahau lile.