Meza ngapi kwa mpigo kwenye poka ya mtandaoni? Kwa anayetaka kutoka 2 hadi 8

Ndugu uliyeuliza: unacheza meza 2 za watu 6, blaindi (dau za lazima, ndogo na kubwa, zinazowekwa kabla ya karata kugawiwa) za senti 5 na 10 za dola, una faida kidogo, akaunti ina dola 150, laptopu ni moja, na unataka kuruka hadi meza 8 ili pesa iwe mara nne. Usiruke. Nenda 3, kisha 4, ukae hapo.

Hesabu ya mara nne inachukulia kwamba faida yako kwa kila mikono 100 (mkono ni mgao mmoja wa karata) itabaki palepale. Haibaki. Meza ya watu 6 hugawa kama mikono 75 kwa saa. Tuseme kwenye meza 2 unapata blaindi kubwa 6 kwa kila mikono 100: mikono 150, blaindi 9, yaani senti 90 kwa saa. Kwenye meza 4 umakini umepungua kidogo, unapata 5: mikono 300, blaindi 15, dola 1.50. Kwenye meza 8 umeshuka hadi 2: mikono 600, blaindi 12, dola 1.20. Umecheza maradufu ya mwenzako wa meza 4 na umelipwa pungufu. Namba zako zitakuwa nyingine, lakini mwendo ni huohuo: pato la saa linapanda, linafika kilele, linashuka. Na ukishavuka chini ya sifuri, kila meza unayofungua inaongeza hasara tu.

Randy Lew, Mmarekani anayejulikana mtandaoni kama nanonoko, aliweka rekodi ya Guinness mwaka 2012 kwa kucheza mikono 23,493 ndani ya saa 8. Alimaliza na faida ya dola 7.65. Huyo ni mtu aliyejulikana hasa kwa kucheza meza nyingi.

Sasa faida inapotelea wapi? Meza 4 zinakupa mikono 5 kwa dakika. Mingi unatupa mara moja na yamekwisha, michache ina uamuzi wa pili na wa tatu, kwa hiyo kwa wastani utatakiwa kuamua kila baada ya sekunde 8 hivi. Kwenye meza 8 ni sekunde 4. Wastani huo wenyewe haudhuru, kwani kutupa 9 na 4 hakuhitaji kufikiri. Kinachoumiza ni maamuzi mawili mazito kugongana.

Angalia mkono huu. Wewe ndiye mgawaji, una K na Q. Unaongeza hadi blaindi 2.5, blaindi ndogo anatupa, blaindi kubwa analipia. Poti, yaani pesa zilizo katikati, ni 5.5. Zinafunuliwa K, 8 na 3, mbili kati yake ni uru. Unaweka 2, analipia, poti 9.5. Karata ya nne ni 5 ya pau, unaweka 6, analipia, poti 21.5. Karata ya tano ni uru ya tatu, yaani mwenye uru mbili mkononi sasa anakushinda, na hapo yeye anatangulia kuweka 21.5. Utalipa 21.5 kufuata 43, kwa hiyo unahitaji kuwa mbele yake mara 1 kati ya 3 ndipo utoke sare. Jibu haliko kwenye karata zako tena, liko kwa mtu: anaingia na mikono mingapi, alilipia upesi au alikawia kwenye karata ya nne, amewahi kuonekana akiweka dau kubwa bila kitu? Mwenye meza 4 amemtazama. Mwenye meza 8 anaona dirisha limeruka mbele likiwa na sekunde 6, na jingine linalifunika. Analipia kwa sababu ana jozi ya juu. Kulipia bure namna hiyo mara 1 katika kila mikono 700 kunatosha kula blaindi 3 kwa kila mikono 100.

Usijipime kwa salio. Mchezo wa watu 6 huyumba kama blaindi 90 kwa kila mikono 100, na hata baada ya mikono 10,000 kuyumba huko bado ni kama 9 juu au chini kwa kila 100. Huwezi kutofautisha 5 na 2 hapo. Pima vitu viwili vingine. Cha kwanza, umegusa akiba ya muda (sekunde za ziada muda wa kuamua ukiisha) mara ngapi kwa saa kwa sababu ulikuwa meza nyingine. Ikizidi mara 2 au 3, funga meza moja. Cha pili, simama ghafla katikati ya mchezo na ujiulize ni nani anayeongeza sana kwenye kila meza. Ukishindwa kutaja hata mmoja kwenye meza mbili, meza zimekuzidi.

Mpangilio una uzito wake. Skrini ya 1366 kwa 768 inabeba meza 4 sawasawa, kila moja 683 kwa 384, bila kufunikana. Ya tano lazima ifunike. Kurundika meza moja juu ya nyingine kunaleta kosa baya: unabofya kutupa, dirisha jingine linarukia chini ya mausi, na unatupa ree mbili. Zima kabisa chaguo la dirisha kujileta mbele. Zima vikatuni, acha mlio wa saa tu, washa karata za rangi nne, na weka vitufe vya dau tayari: blaindi 2.5 kwa kuanzia, kisha theluthi na robo tatu ya poti.

Pesa pia zinasema. Kuketi na blaindi 100 ni dola 10. Meza 8 ni dola 80, zaidi ya nusu ya akaunti yako iko mezani. Hata kwa meza 4 ningetaka uwe na dola 300 hadi 400. Kwa 150, shuka kwenye blaindi za senti 2 na 5 ukijifunza.

Kwetu Mombasa, ongeza tatizo la stima. Laptopu ina betri, ruta haina, na ikizimika karata zako hutupwa kwenye meza zote kwa pamoja. UPS ndogo ya volti 12 inatosha ruta nyingi, lakini soma volti kwenye adapta yako kwanza. Hotspoti ya simu iwe na bando tayari. Joto la Januari hadi Machi huifanya laptopu ipunguze kasi yenyewe. Inyanyue, feni ipige chini.

Wachezaji wa Ulaya hujaa jioni yao: saa 2 usiku ya London ni saa 5 usiku kwetu, au saa 4 wakati wa kiangazi chao. Kama una kazi asubuhi, baada ya dakika 90 punguza meza moja hata ukiwa unashinda.

Meza za haraka, zinazokuhamisha ukitupa tu, hesabu moja kama 3 za kawaida. Mashindano ni habari nyingine: mawili yakifika hatua za mwisho, usisajili jipya.

Kwa hiyo: meza 3 kwa mikono 5,000, kisha 4 kwa 10,000, ukiweka alama kila mkono uliokukimbiza. Lete hapa kumi kati ya hiyo, na dau la kila hatua, tuichambue.