Kabla Hujamsomea Mtoto, Uliza Hadithi Ni ya Mwaka Gani

Binti wa kaka yangu alikuja kukaa nami Tanga wakati wa likizo ya Desemba, na kila usiku alidai hadithi. Nilikuwa nimenunua, kwenye meza ya vitabu vya mitumba, kitabu kinene cha Kiingereza chenye hadithi zilizokusanywa na ndugu wawili wa Kijerumani, Jacob na Wilhelm Grimm. Kwa kuwa niliamini kwamba hadithi hizo nazijua tangu shule ya msingi, sikujisumbua kuzipitia kwanza. Nilisoma sentensi kimoyomoyo, kisha nikaitamka kwa Kiswahili. Nikafika mahali ambapo malkia anamwagiza mwindaji ampeleke Snow White, mtoto anayemwonea wivu kwa uzuri wake, msituni, amuue, na amletee mapafu na ini lake kama ushahidi. Mwindaji anamwonea huruma mtoto, anaua nguruwe mwitu mchanga badala yake, na malkia anaipokea ile nyama, inapikwa kwa chumvi, naye anaila yote. Nilipotaka kusita, ulimi ulikuwa umeshatangulia. Mtoto aliinuka akakaa kitako.

"Shangazi, kwani yule malkia alikula nguruwe?"

Kwamba malkia alidhani anamla mtoto wa watu halikumshtua hata kidogo. Lililomshtua lilikuwa nguruwe. Baadaye aliniuliza Snow White ana miaka mingapi, nikarudi nyuma kutafuta, nikakuta kioo cha malkia, kile kinachosema, kinaanza kumsifu akiwa na miaka 7, umri uleule wa anayeniuliza. Hilo nalo sikulijua, kwa maana katika picha zote nilizokulia nazo yeye ni msichana aliyekwisha kuvunja ungo.

Tangu usiku ule nimekuwa nikizisoma upya hadithi hizi kwa ajili yangu mwenyewe, na ushauri wangu wa kwanza kwa mtu mzima anayetaka kufanya hivyo ni kwamba asikubali neno "asili" kabla ya kuuliza mwaka. Ndugu hao walitoa juzuu ya kwanza mwaka 1812 na ya pili mwaka 1815, kisha wakaendelea kuhariri, hasa Wilhelm, hadi toleo la saba la mwaka 1857. Vitabu vingi vilivyotafsiriwa vinafuata toleo hilo la mwisho. Anayetaka la kwanza kwa Kiingereza atafute tafsiri ya Jack Zipes iliyotoka mwaka 2014. Ukiyaweka matoleo mawili kando kwa kando juu ya meza, kama nilivyofanya mimi kwa jioni kadhaa huku chai ikipoa, utaona kwamba jambo kubwa lililobadilishwa si damu.

Lililobadilishwa ni mama. Katika toleo la 1812, anayetaka kula ini la Snow White ni mama yake mzazi, yuleyule aliyejichoma sindano akatamani mtoto mweupe kama theluji na mwekundu kama damu. Katika toleo la pili, la mwaka 1819, mama huyo akafanywa afe wakati wa kujifungua, na nafasi yake ikachukuliwa na mama wa kambo. Hansel na Gretel, watoto wawili wa hadithi nyingine, nao walitupwa msituni kwa shauri la mama yao mwenyewe, kwa sababu mkate uliobaki haukutosha vinywa vinne. Aliyemgeuza kuwa wa kambo ni mhariri, na ilikuwa ni miaka mingi baadaye. Nilipolisoma hilo niliweka kitabu chini. Mimi nimelelewa na mke wa pili wa baba, mwanamke aliyenifunga kanga yake kila nilipopatwa na homa, na utoto wangu wote nilizisikia hadithi za mama wa kambo nikiona aibu kwa niaba yake. Kujua kwamba angalau wawili kati ya hao wabaya waliandikiwa cheo hicho na mtu mwenye kalamu, ili heshima ya mama mzazi isiguswe, kulinipa nafuu ambayo sikuitarajia. Kwa hiyo usisome ukitafuta vitisho pekee. Tazama ni nani aliyeondolewa lawama na ni nani aliyebebeshwa.

Jihadhari pia na dhana kwamba kadiri hadithi inavyokuwa ya zamani zaidi ndivyo inavyotisha zaidi. Kwa akina Grimm, dada wa kambo wa Cinderella wanajikata, mmoja kidole gumba cha mguu na mwingine kisigino, ili kiatu kiwaingie, na njiwa wanamtahadharisha mwana wa mfalme kwamba kuna damu kiatuni. Haya yamo tangu 1812. Lakini ile sehemu ambayo njiwa wanawadonoa akina dada macho siku ya harusi iliongezwa mwaka 1819, yaani iliingia wakati kitabu kinasemekana kulainishwa. Ukirudi nyuma zaidi, hadi Ufaransa mwaka 1697, kwa mwandishi Charles Perrault, Cinderella anawasamehe dada zake, anawaweka ikulu na kuwatafutia waume. Kwa upande mwingine, Rapunzel wa 1812 anamuuliza bibi anayemfungia mnarani kwa nini nguo zake zimeanza kumbana, na bibi anaelewa mara moja kwamba kijana amekuwa akipanda mnarani kwa nywele ndefu za binti huyo. Swali hilo liliondolewa, mimba ikafichwa. Macho ya kudonolewa yaliruhusiwa, nguo ya kubana haikuruhusiwa, na huo nao ni uamuzi wa mhariri unaofaa kuutazama kwa makini.

Sehemu nyingine nitazipita haraka. Msichana wa kofia nyekundu wa Perrault analiwa na mbwamwitu, na hakuna mwindaji anayekuja kupasua tumbo. Binti wa mfalme hambusu chura, anamrusha ukutani. Hadithi ya binti aliyelala, kama alivyoisimulia Giambattista Basile wa Napoli katika kitabu kilichochapishwa kati ya 1634 na 1636, ina mfalme anayemwingilia binti akiwa hana fahamu. Hiyo isome peke yako, mchana.

Kuhusu watoto, sikubaliani na wanaosema wafichwe kila kitu, wala na wanaoona fahari kuwatisha. Kanuni yangu ni kwamba sisomi kwa sauti hadithi ambayo sijaimaliza mwenyewe, kwa sababu usiku ule wa nguruwe nilikuwa sijui kinachokuja mbele, na mbele kulikuwa na viatu vya chuma vilivyochomwa motoni, ambavyo malkia alivishwa akacheza hadi akafa.

Na ukishazisoma za Ulaya, rudi nyumbani. Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza aliyefanya kazi Zanzibar, alichapisha London hadithi alizosimuliwa huko, na mojawapo ni ya Sultani Darai. Maskini anayepekua jaani anaokota thumuni, ananunua paa, na paa huyo anamtafutia mke, binti wa sultani, kisha anaua nyoka mkubwa na kumrithisha bwana wake jumba la nyoka huyo. Ni ndugu wa yule paka mwenye buti wa Perrault. Paka yule anaishia kuwa bwana mkubwa asiyekimbiza panya ila kwa kujifurahisha. Paa wetu anaugua, anamwomba bwana wake aje amtazame, na bwana anaagiza apewe uji wa mtama. Mke analia na kumsihi, lakini bwana hasikii. Paa anakufa, anatupwa kisimani, na yule bwana analala tajiri anaamka yuko jaani, anapekua. Niliisimuliwa nikiwa mdogo, ila msimulizi wangu aliishia kwenye harusi.

Hiyo nilimsimulia mtoto yote, hadi jaani, naye alikasirika kwa sababu ya ule uji. Iko moja tu ambayo bado naizungukia. Katika juzuu ya 1812 kuna kisa cha watoto walioona baba yao akichinja nguruwe, wakaenda kucheza, mmoja akawa mchinjaji. Rafiki wa akina Grimm, Achim von Arnim, alikilalamikia, na katika toleo la pili hakimo. Kaka yangu huchinja uani kila Idi Kubwa, watoto wakiwa wamejipanga ukutani wakitazama. Kisa sijamsomea, lakini kisu siku hizi nakichukua mimi, nakiosha, nakiweka juu ya kabati.