Re: Mita 3 zinatosha kilti na koti lake?

Ndugu, mita 3 hazitoshi. Kilti ya Waskoti, ile sketi ya wanaume, inakula kitambaa kwa sababu ya marinda ya nyuma. Ile kamili ni yadi 8, yaani kama mita 7.3. Ila kuna njia ya kubana: nunua mita 4 za kitambaa cha upana wa sentimita 150, ukate katikati kwa urefu. Unapata vipande viwili vya sentimita 75, ukiunga ni karibu mita 8. Muungo ufiche ndani ya rinda. Ule ukingo wa kiwandani uwe chini, hutahitaji kukunja pindo.

Marinda usipime kwa rula, fuata mirabaraba yenyewe, kila rinda liangukie mstari uleule. Piga bandi (mshono wa muda) kwanza, kisha shona kutoka kiunoni hadi nyonga tu, chini yaachwe huru. Mbele acha bapa mbili zinazopishana. Mimi ya kwanza niliharakia pasi kabla ya bandi, nikafumua yote!

Koti ongeza mita 2. Likate fupi kuliko la suti, la sivyo litafunika marinda uliyoyahangaikia. Bitana usiache.