Re: Kipimo cha TB positive lakini sikohoi, dawa za nini?

Mkuu, hiyo inaitwa TB iliyolala, yaani vijidudu unavyo ila kinga imevibana, huumwi na humwambukizi mtu. Sasa shida ni ile sindano ya baridi yabisi uliyosema unataka kuanza, inashusha kinga, hao vijidudu waliolala wanaamka, ndo maana dokta kakuwekea breki, kwanza umeze dawa za TB.

Ila swali moja, ulipimwa kwa damu au kale ka-sindano ka ngozi ya mkono? Maana ka ngozi kanaweza kudanganywa na chanjo ya TB ya utotoni (BCG), cha damu hakidanganywi nayo. Na kile cha ngozi kinasomwa baada ya saa 48 hadi 72, wanapima kivimbe kwa rula sio wekundu, wengine wanakosea hapo.

Kwanza eksirei ya kifua iwe safi, maana ukitibu TB kamili, ile iliyoamka, kwa dozi ya iliyolala unatengeneza vijidudu sugu kwa dawa. Ikiwa safi, omba ile tiba ya dawa mbili, isoniazidi na rifapentini, mara moja kwa wiki, dozi 12 tu, mi naona bora kuliko isoniazidi kila siku miezi 6. Mkojo utakuwa wa rangi ya chungwa, usishtuke. Macho yakiwa ya njano acha dawa urudi haraka, na pombe weka pembeni.