Farasi mwitu au farasi wa mwituni?

Swali: Assalaam alaykum, ustadhi. Nasomesha skuli moja hapa Wete. Mwanafunzi kaandika "farasi mwitu wa Marekani wanalindwa na sheria". Mwalimu mwenzangu kamkata alama, anataka "farasi wa mwituni". Haki iko kwa nani?

Jibu: Wa alaykumu ssalaam, mwalimu. Kisarufi yote mawili ni sawa, na alama ya mtoto irudishwe. Lakini mwenzako ana hoja nzito, nayo imo katika nasaba ya farasi hao.

"Mwitu" likifuatana na jina la mnyama moja kwa moja, hutaja aina. Mbwa mwitu hakufugwa yeye wala wazee wake. Mbwa wa kufugwa akipotea akazaa vichakani, hata vijukuu vyake tunaviita mbwa koko. Na yule paka anayenyatia vichwa vya samaki Darajani usiku, mkali, hashikiki, ni paka shume, ingawa pengine mama yake alikuwa akilala jikoni kwa watu. "Wa mwituni" husema tu mnyama anaishi wapi.

Sasa, farasi wa asili wa Amerika ya Kaskazini walitoweka kiasi cha miaka 10,000 iliyopita. Wa leo ni kizazi cha farasi wa kufugwa: Columbus aliwafikisha visiwa vya Karibi mwaka 1493, Cortés, mtekaji wa Kihispania, akawashusha Mexico mwaka 1519, na wafugaji wakaongeza wengine baadaye. Wakatoroka, wakaachwa, wakazaana. Kinasaba basi wako upande wa mbwa koko, lakini "farasi koko" sikushauri kabisa; neno hilo lina dharau, na wanyama hawa wamepewa heshima kisheria.

Sheria yenyewe, ya mwaka 1971, haiulizi babu zao walikuwa nani. Inauliza: ana chapa? Ana mwenyewe? Yuko katika ardhi ya umma? Asiye na chapa wala wa kumdai analindwa asikamatwe, asisumbuliwe wala asiuliwe ovyo. Kwa hivyo "farasi wa mwituni" ndilo linalowakaa sawasawa.

"Farasi mwitu" ningemwekea takhi, farasi wa Mongolia, mwenye kromosomu (nyuzi zinazobeba urithi) 66 ilhali farasi wa kufugwa ana 64. Tangu 2018 wapo wataalamu wanaosema hata wazee wa takhi walifugwa zamani huko Botai, Kazakhstan. Wengine wanalipinga hilo. Maadamu hawajakubaliana, jina namwachia yeye.