Kama Unauza Balusta, Jua Unauza Nini

Kijana mmoja wa Kakamega ameniandikia. Anauza balusta, vile vinguzo vya simiti vya kuzungushia balkoni na ngazi. Ana moldi za kumiminia, ana simiti, lakini wateja wanampita, na sasa anataka kushusha bei. Ndugu yangu, bei iache hapo ilipo.

Mimi namimina balusta hapa Nakuru, kando ya barabara. Wiki jana nimekabidhi kazi ya nyumba ya ghorofa kule Milimani, balkoni na ngazi, na mwenye nyumba hakuteta bei hata kidogo. Nilikuwa nimemweleza mapema kwamba vile vinguzo anavyovitaka ni maua ya komamanga. Waitaliano walikiita kinguzo hicho balaustro, jina lililotokana na Kilatini balaustium na Kigiriki balaustion, yaani ua la mkomamanga mwitu. Litazame ua hilo likiwa linaanza kufunguka: tumbo limejaa chini, shingo imebana, mdomo umepanuka kidogo. Safu nzima pamoja na reli yake ya juu ndiyo balastredi. Wagiriki na Warumi wa kale, na nguzo zao zote zile, hawakujenga na balusta. Balusta zilishamiri Italia karne ya 15, na msanifu majengo Giuliano da Sangallo alizizungusha kwenye baraza la jumba la Lorenzo de' Medici, mkuu wa mji wa Florence, kule Poggio a Caiano.

Yule mama mwenye nyumba aliposikia hayo alinyamaza, kisha akauliza, "Utaanza lini?"

Kuna kontrakta aliyewahi kunifukuza saiti mbele ya vibarua, akiniita mfinyanzi wa vyungu vya simiti. Bado inaniuma. Nilianza kusoma kwa sababu yake, na leo hakuna mtu wa kuniambia sijui kazi yangu. Vijana, someni! Mikono peke yake haitoshi, mteja wa leo anauliza maswali.

Kazi yenyewe mnaijua: nondo ipite katikati, paka moldi oili, mwagia maji wiki nzima. Nafasi kati ya balusta na balusta isizidi sentimita 10, kichwa cha mtoto kisipenye. Hapo usikubali kubembelezwa na mteja anayetaka kupunguza idadi.

Na wewe wa Kakamega, nimeziangalia picha zako. Simiti ni safi, lakini umezipanga kichwa chini, matumbo yamekaa juu. Zigeuze zote kesho asubuhi kabla hujafungua.