Magoti Yalitangulia: Barua kwa Mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Ujumbe wako niliusoma jana usiku, nikaurudia asubuhi kabla ya kuwafungulia kuku. Unasema mwenzako mnayekaa naye hapo Dodoma alikuuliza mkiwa jikoni: "Yesu wenu alisema wapi, kwa kinywa chake mwenyewe, kwamba yeye ni Mungu?" Ukamtajia "Mimi na Baba tu umoja," naye akakujibu kwamba hata mume na mke huitwa mwili mmoja na bado ni wawili. Ukakwama. Sasa unataka nikupe aya moja tu, isiyokatika, umalize kesi.

Kwa maneno hayo, aya hiyo haipo. Nakuambia mapema usije ukaitafuta usiku kucha na kesho una zamu. Hakuna mahali katika Injili zote nne Yesu anaposema "Mimi ni Mungu, niabuduni." Na hilo "hakuna" nililisikia kwanza kwa Babu yako, siku ambayo sijawahi kukusimulia vizuri. Wewe unaijua kama anavyoisimulia mama yako mdogo, kwamba Babu alipanda kwenye mhadhara akawajibu. Mama yako mdogo hakuwepo. Mimi nilikuwepo.

Nilikuwa kidato cha pili. Ni ile miaka ya 1980, kanda za Ahmed Deedat, mhubiri wa Kiislamu wa Afrika Kusini, zinapita mkono kwa mkono, na mihadhara inafanyika viwanjani mpaka jua linazama. Siku hiyo walikuja uwanja wa mpira, karibu na soko. Spika mbili za pembe zilifungwa kwenye mwembe, meza ikatandikwa kitambaa, juu yake Msahafu na Biblia tatu au nne. Mhadhiri alikuwa hodari, sitamnyima haki yake. Biblia aliijua kuliko wengi wetu tuliobatizwa. Akauliza kama kuna Mkristo wa kumjibu. Watu wakaanza kumsukuma Babu yako, "Katekista! Katekista!", naye akapanda na ile miwani yake iliyofungwa uzi.

Akaulizwa swali la rafiki yako, karibu neno kwa neno. Babu akafungua Biblia, akafunua kurasa, akafunua tena. Halafu akasogea kwenye kipaza sauti akasema, "Hakuna." Nilimwona akivuta pumzi aendelee. Hakupewa nafasi. Uwanja mzima uliitikia takbiri, vijana wakapiga miluzi, kipaza sauti kikachukuliwa. Akabaki amesimama pale, kidole kimebanwa katikati ya Biblia.

Mimi, mwanawe, niliitumbukiza rozari ndani ya gauni, nikarudi nyumbani kwa njia ya mtoni ili nisionekane natembea naye. Inakaribia miaka arobaini sasa, na ninapoandika haya mkono unanitetemeka.

Usifikiri nawasema Waislamu. Wahubiri wetu nao walikuwa na viwanja vyao, na niliwahi kuwasikia wakimkashifu Mtume wa watu kwa maneno ambayo Babu yako asingeruhusu yasemwe kwenye uwanja wa nyumba yake. Kila upande ulikuwa unatafuta kupigiwa makofi.

Usiku ule akaja mjomba wangu, kaka yake Bibi, yule uliyemkuta ameshapoteza macho. Mwislamu, kama nusu ya ukoo wa Bibi. Naye alikuwa uwanjani. Akakaa mkekani, akavuta gunzi, akaanza kupukuchua mahindi na Babu bila kusema kitu. Baadaye ndipo akauliza: "Shemeji, ulisema hakuna. Baada ya hakuna, ulitaka kusema nini?"

Kwa hiyo Babu alimaliza sentensi yake mbele ya mtu mmoja, na mimi nimejibanza nyuma ya mlango. Kidole chake kilikuwa kwenye Marko, sura ya pili: yule aliyepooza anateremshwa kupitia darini, na kabla ya kumponya Yesu anamwambia amesamehewa dhambi zake. Waandishi wanawaza moyoni: ni nani awezaye kusamehe dhambi isipokuwa Mungu? Babu akasema, "Shemeji, deni hufutwa na anayedai. Yule mgonjwa hakuwahi kumkosea Yesu, hata kuonana walikuwa hawajaonana. Sasa anayefuta deni lile ni nani?"

Nilifurahi sana nyuma ya mlango. Nikasema moyoni, laiti ungelisema hilo uwanjani!

Lakini mjomba hakuwa mtu wa kuyumbishwa. Akajibu taratibu, "Karani wa chama cha ushirika hunifutia deni kwenye daftari, na fedha si zake. Ametumwa. Mtume pia hutumwa. Na huyohuyo Marko wako anasema kuna saa ambayo Mwana haijui, anaijua Baba peke yake. Mungu gani asiyejua?" Babu alikaa kimya muda mrefu, nikisikia punje zinadondoka tu kwenye ungo. Hakumjibu. Walimaliza debe mbili, mjomba akalala kwetu, asubuhi wakanywa uji pamoja.

Ukimya ule wa pili ndio uliokaa nami. Nimefundisha historia miaka mingi, na kila nilipofungua kitabu kuhusu karne zile za mwanzo nilikuwa namtafutia Babu jibu la mjomba. Nilichokipata hakihusu kinywa cha Yesu. Kinahusu magoti ya watu. Umechoka kunisikia nikilisema hili, nalisema tena: magoti yalitangulia, maneno yakafuata.

Angalia mwisho wa Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho. Paulo anaandika Kigiriki, miaka kama 25 hivi baada ya msalaba, mara anatupia neno la Kiaramu bila kulitafsiri: Maran atha, Bwana wetu njoo. Kwa nini hakulitafsiri? Kwa sababu ile ile inayotufanya sisi tusitafsiri Amina wala Aleluya. Tulilipokea hivyo kwa waliotutangulia. Na waliotangulia kulisema lile walikuwa Wayahudi, wenye lugha ya Yesu mwenyewe, watu waliofundishwa tangu utotoni kwamba Bwana Mungu wetu, Bwana ndiye mmoja. Watu wa namna hiyo ndio wanaosali, wanamwita mtu aliyesulubiwa: njoo.

Kisha soma Isaya 45, mahali Mungu anaposema hakuna mwingine ila yeye, na kwamba kila goti litapigwa mbele zake. Hakuna ukurasa mkali kuliko ule juu ya Mungu kuwa mmoja. Halafu fungua Wafilipi 2. Goti lilelile, na Paulo, Mfarisayo aliyeijua Isaya kwa moyo, anasema litapigwa kwa jina la Yesu. Hakuwa ameghafilika. Aliuchukua ukurasa mkali kuliko yote akamweka Yesu ndani yake. Na hapohapo anasema huyo Yesu alijishusha, akatwaa namna ya mtumwa, na hilo ndilo ningempa mjomba kuhusu saa ile asiyoijua. Ningempa, sikusema lingemtosha.

Rafiki yako akikuambia Yesu alifanywa Mungu na Mfalme Konstantino kwenye Mtaguso wa Nisea, ule mkutano wa maaskofu wa mwaka 325, hapo usinyamaze. Nisea ilikuwa Bithinia, leo ni mji wa Iznik nchini Uturuki. Katika jimbo hilohilo, zaidi ya miaka 200 kabla ya mtaguso huo, gavana wa Kirumi aliyeitwa Pliny alimwandikia Kaisari Trajan akiomba mwongozo. Wakristo wa kule, anasema, hukutana kabla ya mapambazuko siku maalumu, wakamwimbia Kristo kama mungu. Ili apate ukweli aliwatesa wanawake wawili watumwa, waliokuwa wahudumu wa kanisa. Hakuandika majina yao. Ninapofika Kanuni ya Imani Jumapili, pale tunaposema "aliyezaliwa bila kuumbwa, mwenye umungu mmoja na Baba," nawafikiria hao wawili kuliko maaskofu wote wa Nisea. Maneno hayo ni ya maaskofu. Wimbo ulikuwa wa kina mama hao.

Na Konstantino mwenyewe hakushika msimamo. Baadaye alimruhusu Ario, yule padri aliyelaaniwa Nisea kwa kufundisha kwamba Mwana aliumbwa, arudi kutoka uhamishoni, na alipokuwa anakufa mwaka 337 alibatizwa na Eusebi wa Nikomedia, aliyekuwa rafiki wa Ario. Mwanawe Konstansio wa Pili alimwandama Mtakatifu Atanasi, askofu wa Aleksandria aliyeitetea Nisea, ambaye katika maisha yake alifukuzwa mjini kwake mara tano. Kama imani ile ilikuwa amri ya ikulu, mbona ikulu iliipiga vita kwa miaka mingi?

Lakini naomba unielewe kuhusu aya. Ario alikuwa nazo. "Baba ni mkuu kuliko mimi" imo kwenye Yohana, na Ario aliishika kwa mikono miwili. Atanasi naye alikuwa nazo. Ndiyo maana walioketi Nisea walilazimika kutumia neno ambalo halimo katika Biblia, hilo la umungu mmoja, na baadhi yao wenyewe liliwakera kwa sababu hiyohiyo. Wewe unataka aya moja umalize kesi iliyowashinda Atanasi na Ario, wakiwa na Kigiriki chao chote.

Sasa najibishana mwenyewe. Magoti si ushahidi. Watu waliwapigia magoti makaisari, na makaisari walikuwa watu tu. Pale Listra watu walitaka kuwachinjia Paulo na Barnaba ng'ombe wakidhani ni miungu, na mitume walirarua mavazi yao wakipiga kelele kwamba wao ni wanadamu. Ndiyo, lakini hapo ndipo ninaposhikwa kila mara: Tomaso alimwambia Yesu "Bwana wangu na Mungu wangu," na Yesu hakurarua nguo. Alipokea. Basi, tayari namsikia mjomba: hiyo ni Yohana, Injili iliyoandikwa mwisho, umejuaje kwamba Tomaso alisema? Na mimi namjibu kwamba Maran atha haikuandikwa mwisho. Naye ananijibu kwamba kumwita mtu Bwana si lazima iwe kumwita Mungu. Tunaendelea hivyo, mimi na marehemu, hasa nikiwa napalilia.

Ile hoja uliyopewa na kiongozi wenu wa vijana, iliyoenezwa na mwandishi C. S. Lewis, kwamba Yesu ama ni mwongo, ama kichaa, ama Bwana, usimpelekee rafiki yako. Inamlazimisha achague kati ya kumtukana Nabii Isa anayemheshimu na kuacha dini yake, na yote mawili hukumwomba. Tena haimgusi. Yeye hasemi Yesu alidanganya. Anasema Yesu hakuyasema hayo. Ukitaka kuzungumza naye, zungumza naye hapo aliposimama.

Mwishoni umeuliza kama haya yote yanatosha. Mwanangu, natamani sana kukuandikia neno moja hapa. Mimi naamini, unajua naamini, nitakufa nikiamini. Lakini umeniuliza kama yanamtosha mtu asiyeamini, na hapo kila nikianza kuandika ndiyo namwona mjomba. Alikuwa na akili kuliko mimi. Aliyasikia yote, miaka na miaka, kwenye mkeka uleule. Alifariki Mwislamu safi, na Babu yako, mzee wa miaka sabini, aliingia bega chini ya jeneza lake mpaka makaburini, hakukubali kupokewa. Basi hilo neno siliandiki.

Kuna jambo moja sijawahi kumwambia mtu. Ule mwaka Babu anaumwa, wewe ukiwa chuo, nilikuwa namkanda miguu nikamwambia kuhusu njia ya mtoni. Nililia. Akaniambia alijua. Ukiwa umesimama pale juu, alisema, unaona uwanja wote. Aliniona nikiificha rozari na aliniona nikikata kona. "Nilishukuru," akasema, "maana njia yetu ile vijana walikuwa wananirushia maganda ya miwa."

Biblia yake iko kabatini, kwenye ile kanga ya Bibi. Ukija Pasaka nitakuonyesha Marko 2, karatasi imechakaa pale kidole kilipokuwa. Kama rafiki yako hana zamu, mje naye, nitamwandalia kitanda cha mama yako mdogo. Niambie mapema anakula nini, na mwambie nyama ya huku tunachinjiwa na mtoto wa mjomba.

Mama yako